Darasa la Asilimia Mia

Niseme mapema tusije tukasumbuana: mimi ni mtu wa haraka na hasira. Wanafunzi wameniita Kiberiti, na wanadhani sijui. Najua, na wala hawakukosea. Nikisuguliwa kidogo nawaka, dakika mbili baadaye nimezimika, nabaki na majuto. Lakini ile Ijumaa asubuhi, ofisini kwa mkuu wa shule, sikuwaka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, rejista ya darasa langu nimeikumbatia kifuani.

Kilikuwa kikao cha orodha. Kila muhula shule yetu huandika majina ya wanafunzi walio mbioni kuacha shule: huyu anauguza mzazi, yule anafanya kazi asubuhi, mwingine ameelemewa tu na hajui aanzie wapi. Ukiingia kwenye orodha unapewa ruhusa ya nusu siku. Unakuja saa saba mchana, unakaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, na mwalimu wa ushauri anakufundisha yaliyokupita, somo kwa somo, mpaka uwafikie wenzako. Mtihani wa mwisho unaufanya kama kawaida. Lakini usipoingia kwenye orodha na shuleni huonekani, jina lako linakatwa kwenye mtihani, na hapo ndiyo kwaheri ya kuonana. Orodha ilitakiwa ifike ofisi ya elimu siku ile ile. Saa sita kamili tarishi wetu angewasha pikipiki aondoke nayo.

Mkuu wetu ni mtu mpole wa kuudhi. Hapandishi sauti hata umkanyage. Pembeni yake alikaa mwalimu wa ushauri, mama wa makamo mwenye kalamu aliyoichomeka kwenye nywele na kuisahau.

"Na wewe mwalimu," Mkuu akaniambia, "una jina la kutupa? Au nisijisumbue kuuliza? Darasa la asilimia mia!"

Mwalimu wa ushauri akacheka.

"Ninaye mmoja," nikasema. "Wakili."

Walimjua. Hakuna asiyemjua Wakili pale shuleni. Ni msichana mwembamba wa darasa la mwisho, sauti nene kuliko mwili wake, na ubishi ameumbwa nao, ndiyo akaitwa Wakili. Mwaka jana alinibishia jibu la hesabu lililoandikwa nyuma ya kitabu chenyewe. Nilimfokea mbele ya darasa zima mpaka kooni kukakauka. Jioni nikakaa nikapiga ile hesabu upya, na kitabu ndicho kilichokosea. Tangu siku hiyo nikawa nampenda yule mtoto kuliko inavyotakiwa mwalimu kupenda mtoto mmoja, ingawa sikumwambia. Kumwomba radhi pia sikumwomba.

Mkuu alinyoosha mkono nikampa rejista. Akapitisha kidole kwenye mstari wa Wakili, wiki baada ya wiki, polepole, utadhani anasoma barua ya mchumba. Halafu akaigeuza ili nami nione.

"Mbona huyu hajakosa hata siku moja?"

"Anachoka," nikasema.

"Anachoka?"

"Ana matatizo nyumbani. Anakuja, lakini… anachoka sana."

"Mwalimu, hata mimi nimechoka. Ruhusa ya nusu siku ni ya mtoto anayeshindwa kufika. Huyu anafika kuliko mimi." Akaifunga rejista. "Tuendelee."

Sasa niwaambie ukweli, maana nimeshaanza. Wakili alikuwa hajakanyaga shuleni siku thelathini na moja. Mama yake, fundi cherehani, alipigwa na kiharusi mwanzoni mwa muhula, upande wa kulia wote ukalala; nilisikia kwa wenzake darasani. Siku ya kwanza nilimwekea Wakili vema ya kuhudhuria kwa kuwa nilijua atachelewa tu. Siku ya pili nikasema atakuja kesho. Wiki ya pili nikasema wiki ijayo. Sheria yetu ni kwamba siku kumi zikifika, barua inapelekwa kwa mzazi, barua kali yenye mhuri, nami nikajiuliza, jamani, mgonjwa wa kiharusi apelekewe barua ya vitisho? Nikaona namsitiri. Nilimpigia mama yake simu mara mbili haikupatikana, nikajisifu kuwa nimejitahidi.

Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini palikuwa na kibendera pia. Kila Ijumaa mstarini linatangazwa darasa lililohudhuria vizuri kuliko mengine, nalo linapewa kibendera cha kijani cha kutundika mlangoni wiki nzima. Mwaka wa pili ule kilikuwa hakijatoka mlangoni kwangu. Walimu wenzangu walinionea gere, nami niliifurahia gere yao. Kitu chenyewe kitambaa tu, hata meza hakifuti, na mimi mtu mzima nilikililia.

Siku mbili kabla ya kikao ndipo akili ilinijia. Wakili anahitaji ruhusa ya nusu siku kuliko mtoto yeyote pale shuleni, na hawezi kuipata, kwa sababu kwenye karatasi hajawahi kukosa. Kumbe nilikuwa namsitiri mpaka namfukia.

"Nimedanganya," nikasema.

Mwalimu wa ushauri alikuwa ameanza kusoma jina linalofuata. Akaishusha karatasi.

"Umesemaje?" Mkuu akauliza.

"Hizo vema za Wakili ni za uongo. Nimeziweka mimi. Hajaja siku thelathini na moja."

Ningependa anipigie kelele. Kelele ningezijibu. Yeye alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Thelathini na moja," akasema. "Na mimi kila Ijumaa nakupigia makofi."

"Mwandike kwenye orodha, Mkuu. Mimi nifanye utakavyo, lakini yeye mwandike."

"Kwa ushahidi gani? Kwa neno lako? Neno lako si ndilo hili lililoandikwa humu?" Akaigonga rejista kwa kidole. "Niletee mtoto na mzazi wake. Kila vema ya uongo isahihishwe mbele yao, siku kwa siku, mtoto aseme alikuwa wapi, mzazi akubali, tutie alama wote. Hapo nitakuwa na kitu cha kupeleka ofisi ya elimu. Bila hivyo nitakuwa najiunga na uongo wako."

"Mzazi ana kiharusi!"

"Basi anza kwenda," akasema, na akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

Nilitoka mbio, nasema kweli, na viatu vyangu vya kazini na sketi ya kubana. Wanafunzi wa darasa la chini walijaa madirishani kumwona Kiberiti akikimbia. Nilipita kwa wachomeleaji, nikapita nyuma ya karakana ya magodoro ambako sponji za rangi zimetapakaa mpaka mtaroni, nikauliza njia kwa kinyozi, akanielekeza vibaya, nikarudi, nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Nilikuwa sijawahi kufika kwao. Mtoto ninayempenda, siku thelathini na moja, na sikujua hata mlango wa kwao uko upande gani. Hilo lilinichoma nikiwa njiani, nikaongeza mwendo ili lisinichome zaidi.

Kilikuwa chumba kimoja kirefu, pazia katikati, cherehani imefunikwa shuka pembeni. Mama yake Wakili alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango, apate mwanga. Wakili alikuwa amepiga magoti mbele yake anamkata kucha. Aliponiona hakuinuka. Alimaliza kidole alichokishika, akakifuta, ndipo akasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Vaa sare, twende shule. Mama, hujambo? Pole na ugonjwa. Naomba na wewe twende, nitakueleza njiani."

"Ngoja kwanza," mama akasema. Maneno yalimtoka polepole, upande mmoja wa mdomo ukiyavuta mengine. "Ni mwalimu… au ni polisi?"

"Ni mwalimu wa hesabu, mama," Wakili akasema. "Kiberiti." Akalisema hivyo hivyo, mbele yangu.

Ikabidi nieleze pale pale, nimesimama, nahema. Nilieleza vibaya, nikiruka huku na kurudi kule, lakini nilisema yote: orodha, ruhusa, tarishi, na vema nilizochora. Mama alinitazama muda wote bila kupepesa. Wakili alikuwa anakusanya vipande vya kucha kwenye kiganja.

"Asante mwalimu," akasema. "Lakini mimi nimeshaacha shule."

"Umeacha lini? Nani kakuruhusu?"

"Nani atamwangalia mama asubuhi? Mama mdogo anafagia ofisi za watu tangu alfajiri, anarudi saa sita na nusu."

"Ndiyo maana nakuambia nusu siku! Saa saba! Akirudi yeye, unakuja wewe! Unaelewa unachobishia lakini?"

"Nimekuelewa."

"Sasa?"

Akainua mabega. Wakili, mtoto wa kubisha mpaka na kitabu, akanyamaza. Lingenitisha hilo ningekuwa na akili zangu, ila kichwani mlikuwa na saa ya ukutani tu.

Mama yake ndiye aliyeamua. "Usinifanye mimi… sababu," akamwambia binti yake. "Kama hutaki shule, sema hutaki. Usiseme mama. Mimi sikukuomba… ukae." Akapumzika kidogo, akameza mate. "Nivalishe kitenge kile kizuri. Sijatoka nje… ila kliniki… mwezi mzima. Hata kama ni kwenda kugombana, nitapunga upepo."

Wakili aliinuka, akazitupa zile kucha nje. Kisha akaenda nyuma ya pazia, akatoka na sare imekunjamana na kitenge mkononi.

Mnajua kusukuma kiti cha magurudumu? Mimi sikujua. Nilidhani ni kusukuma tu. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa na tabia yake, linakwenda linakotaka lenyewe, na barabara ya kwenda shuleni inapanda mwendo wote. Wakili alitaka kusukuma yeye, nikakataa, nikaona nitakwenda haraka zaidi. Haya, tukaenda.

"Mwalimu," mama akasema tulipofika kwenye mawe, "unanisukuma kama gunia… la mkaa. Kama unawahi mazishi yangu, bado niko hai."

"Samahani mama."

"Na wewe ndiye uliyemfokea mwanangu… kwa hesabu aliyoipata?"

Nikakaribia kukiachia kile kiti. "Alikuambia?"

"Alikuja analia, anacheka. Alijua… amepata. Akasema mwalimu akishapiga hesabu nyumbani atajua. Kila siku anasubiri… umwambie."

Wakili alikuwa ametangulia hatua mbili, anaondoa mawe njiani kwa mguu. Sikuona uso wake. Nikafungua mdomo niseme lile neno ambalo lilikuwa na mwaka mzima tumboni mwangu, na papo hapo gurudumu likatumbukia mtaroni, kiti kikalala upande, mama akashika mkono wangu kwa mkono wake mzima na kucha zake zilizokatwa nusu. Wakili akaruka akamdaka begani. Hakuanguka, lakini gurudumu lilipinda, likawa halizunguki kabisa.

Saa ya simu yangu ilisema saa tano kasoro dakika tano.

Hapo ndipo nilipowaka. Niliulaani mtaro, nikamlaani aliyeuchimba, nikaulaani na muhula wenyewe. Watu wakasimama kutazama. Mchomeleaji mmoja akatoka kwenye kibanda chake, miwani myeusi kichwani, akatazama gurudumu, akanitazama mimi.

"Dada, ukimaliza kutukana utaniambia," akasema, "ili nilete nyundo."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka jicho moja. Yule kijana alimwinua mama yeye na Wakili, wakamkalisha kwenye benchi lake, akakilaza kiti na kugonga gurudumu, akaligeuza na kuligonga tena. Nilizunguka kibanda chake mara nane, nilihesabu. Alipomaliza hakutaka hata kusikia habari ya malipo, akasema mama amemshonea suruali ya harusi. Tulifika getini saa tano na dakika ishirini, mimi blauzi imenishika mgongoni, Wakili anahema, na mama amekaa wima ndani ya kitenge chake kizuri akisalimia kila mtu.

Mkuu alikuwa ameandaa meza. Rejista, kalamu nyekundu, kalamu ya bluu, kidau cha wino wa mhuri kwa ajili ya kidole cha mama. Alimsalimia mama kwa heshima zote, akamwambia pole, kisha akasema, "Tuanze, muda umetutupa mkono." Nje tarishi alikuwa ameshavaa kofia yake, amekaa juu ya pikipiki anasikiliza redio ya simu.

Nilikaa na kalamu nyekundu. Mkuu alisoma tarehe. Mimi nilikata vema, nikaandika sifuri juu yake. Wakili alisema alikuwa wapi. Mama aliitikia kwa kichwa, akachovya kidole gumba cha kushoto, akakibonyeza pembeni. Kisha sahihi yangu, kisha ya Mkuu.

"Alhamisi, ya kumi na mbili."

"Hospitali. Ndiyo siku mama alilazwa."

"Ijumaa."

"Hospitali."

"Jumatatu."

"Hospitali."

Wiki mbili zote hospitali. Kwenye kila tarehe nilikuwa nimechora vema safi, mkia wake umenyooka. Nina mwandiko mzuri mimi, siku zote nimesifiwa. Baada ya hapo wakawa wametoka hospitali.

"Mama alianguka bafuni," akasema Wakili. Siku nyingine akasema, "Bomba lilikauka, nilikwenda kuchota maji mbali." Nyingine: "Mazoezi ya mkono." Nyingine: "Siku hiyo mama alishika kijiko mwenyewe." Nyingine: "Hiyo sikufanya kitu. Nilikaa tu." Mara moja mama alimkatiza, "Siyo kliniki hiyo, kliniki ni Jumanne," na Wakili akasahihisha. Mkuu aliandika yote kwa ufupi kwenye karatasi ya pembeni. Nilianza kuomba kila siku iwe na jambo dogo, lakini hakuna iliyokuwa na jambo dogo. Haya yote yalitokea dakika ishirini kwa miguu kutoka darasani kwangu, na mimi nilikuwa nachora.

Tulikuwa tumefika vema ya ishirini na sita. Saa sita kasoro dakika kumi na tatu.

"Alhamisi, ya kumi na saba," Mkuu akasoma.

Wakili akashusha macho mezani.

"Alhamisi ya kumi na saba," Mkuu akarudia. "Ulikuwa wapi?"

"Weka sifuri tu, mwalimu."

"Lazima useme ulikuwa wapi, binti."

"Hiyo…" mama akasema, na akajaribu kugeuza shingo amwone binti yake. "Hiyo ulikuja shule. Mama yako mdogo alikuwa… na mapumziko. Nilikwambia nenda. Ulipiga pasi… sare. Mwalimu, hiyo usifute. Hiyo ni kweli."

Nikaiangalia ile vema. Nikamwangalia Wakili. "Hukuja," nikamwambia. "Ningekuona."

"Nilikuja."

"Nikuone nisikukumbuke? Wewe?"

"Sikuingia." Alikuwa anaitazama meza, na ile sauti yake nene imekuwa nyembamba. "Nilichelewa kidogo. Nilipofika mlangoni ulikuwa unaita majina. Nikasimama kwanza nje ya dirisha, nikasema jina langu likifika nitaingia, niitikie. Likafika. Ukaniita. Watu wakanyamaza. Halafu ukasema mwenyewe, 'Yupo.' Mtu mmoja akacheka. Wewe ukaita jina linalofuata."

Kalamu nikaiweka mezani.

"Nikangoja kidogo," Wakili akasema. "Nikasema labda utamaliza majina, halafu utauliza Wakili yuko wapi. Ukachukua chaki. Ndiyo nikarudi nyumbani, nikamwambia mama hakukuwa na vipindi."

Nimefokewa maishani mwangu. Nimetukanwa na wazazi wa watu, nimeandikiwa barua za onyo. Hakuna lililowahi kuniingia kama lile, na alilisema bila hasira, anaeleza tu alikuwa wapi, kama alivyoeleza habari ya bomba. Machozi yalinitoka mbele ya Mkuu, mbele ya mzazi, na sikuona haya kuyatoa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa uongo wa kwenye karatasi. Sikujua kwamba uongo ule nilikuwa naupiga kwa sauti, na mwenyewe yupo dirishani anausikia.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Nisamehe kwa hili, na ile hesabu pia. Ulipata. Nimejua mwaka mzima kwamba ulipata."

"Najua," akasema.

"Saa sita kasoro dakika nane," Mkuu akasema taratibu. "Tuandike nini hapa?"

Mama alikuwa amefumba macho. Wakili alivuta rejista, akaitazama ile vema kwa karibu, akanirudishia.

"Sikuingia darasani," akasema. "Ni sifuri."

Nikaandika sifuri. Mwandiko wote wa kusifiwa, ile ikatoka kama yai. Mama akaweka kidole, nikatia sahihi, Mkuu akatia yake. Tano zilizobaki tulizimaliza mbio mbio. Mkuu akaandika jina la Wakili mwisho wa orodha kwa mkono, akagonga mhuri, akaweka kwenye bahasha, akatoka nayo mwenyewe mpaka nje. Tulisikia pikipiki ikiwaka, ikatoka getini. Mwalimu wa ushauri alikuja akamshika Wakili bega, akamwambia Jumatatu saa saba, aje na madaftari yote, hata yale ambayo hayana kitu.

Mkuu aliporudi alisimama mlangoni. "Mwalimu, rejista naichukua," akasema. "Darasa lako atalishika mwingine kuanzia Jumatatu, mpaka barua nitakayoandika juu yako ijibiwe ofisi ya elimu. Hesabu utaendelea kufundisha, majina hutaita." Nikasema sawa. Sikuwa na la kujitetea, na hata ningekuwa nalo nisingelitoa.

Nilitaka kuwasukuma mpaka nyumbani, Wakili akakataa. Akashika kiti mwenyewe, akakirudisha nyuma kidogo, akakinyoosha, na lile gurudumu korofi likamtii. Walipofika kwenye kizingiti akasimama.

"Mwalimu."

"Naam."

"Huyo atakayeita majina Jumatatu ni nani?"

"Bado sijui. Kwa nini?"

Alifikiri kidogo, mikono yake bado iko kwenye vishikio vya kiti.

"Ukimjua, mwambie akiniita nikanyamaza, aulize."